Mume wangu alizima filamu mbele ya mama mkwe

Shikamoo Shangazi. Nimeolewa miaka tisa, na nyumba yetu ni ya ibada. Juzi nilichagua filamu ya mapenzi tuitazame na watoto na mama mkwe. Ni ya bajeti ndogo, daraja la PG, hakuna matusi wala mtu aliyevua nguo. Inamhusu mke ambaye mumewe hamjali, akakutana na seremala anayemsikiliza, akamtengenezea kiti chake kilichovunjika bila hata kuombwa. Walipobusiana, mama mkwe akainuka akaenda chumbani. Mume wangu akazima runinga, akasema kwanza hata sauti haisikiki. Yeye hata kiti hawezi kunitengenezea, lakini kuniaibisha anaweza. Filamu ile ina ubaya gani?
Niliyeaibishwa

Marahaba, mwanangu. Pole, kuzimiwa runinga mbele ya watoto kunauma. Lakini mumeo alifanya sawa, na mama mkwe alifanya vizuri zaidi, maana hakufoka, aliondoka tu.

Hiyo PG unaishika kama ngao, kumbe inasema tu mzazi awaongoze watoto. Wanaopanga madaraja hayo Marekani tangu 1968 wanapima matusi, damu, uchi, dawa za kulevya. Hadithi inamsifu nani, hiyo si kazi yao. Mke anaweza kumtoroka mumewe huku muziki mtamu ukimsindikiza, na filamu ikapita salama kwa sababu hakuna kifungo cha shati kilichofunguliwa. Mama mkwe hakukimbia busu. Alikimbia kuona wajukuu wake wakifundishwa kumshangilia seremala.

Kwenye sauti mumeo alikosea, kwani umaskini wa filamu si dhambi. Fireproof ya 2008 iligharimu kama dola 500,000 tu. Ilitengenezwa na kanisa la Kibaptisti la Georgia, waumini wakijitolea, na ikaingiza zaidi ya dola milioni 33. Humo mna ndoa inayovunjika, mume aliyenaswa na picha chafu, na daktari anayemzengea mke wa mtu kazini. Mambo mazito kuliko yako, na nayo ni PG! Ila mume anaitoa kompyuta nje na kuivunjavunja, na uchafu wenyewe hatuonyeshwi. Hata busu: Kirk Cameron, mwigizaji wa yule mume, habusu mwanamke asiye mkewe, basi mkewe halisi akavalishwa kama mke wa kwenye filamu, wakapigwa picha kwenye kivuli. Hapo hakuna pesa iliyohitajika, ila kujua mpaka wako uko wapi.

Sasa turudi kwako. Kiti umekitaja mara mbili. Watoto umewataja mara moja, na hata umri wao hukuniambia. Mimi naamini filamu ile ulikwisha kuitazama peke yako, ukalia. Hukuwachagulia watoto, mwanangu. Ulimchagulia mumeo, ukamweka mama yake awe shahidi.

Wanandoa wa siku hizi mmenichosha kwa hili. Mke ana dukuduku, anamtumia mume kipande cha mahubiri. Mume ana kinyongo, anaweka wimbo wa mafumbo kwenye simu. Kila mmoja anasubiri mwenzake aelewe, miaka inapita. Mficha uchi hazai! Mumeo hawezi kujibu swali ambalo umempa mwigizaji aulize.

Nenda kwa mama mkwe umwombe radhi kwa maneno machache, bila kumhadithia filamu. Siku nyingine filamu ya familia itazame wewe na mumeo kwanza, mpaka mwisho, maana wanaofikia nusu ndio wanaodanganyika. Leo watoto wakilala, keti naye runinga ikiwa imezimwa, umwambie kwa kinywa chako ni kitu gani kimevunjika na tangu lini.