Kiwiko kilichowekwa vyuma: kwa mnaoanza wodi ya mifupa

Wadogo zangu, kiwiko kitawasumbua kuliko paja. Kinaweza kuunga vizuri kabisa kwenye eksirei, na mwenye mkono akashindwa kufikisha tonge mdomoni. Kiungo hiki hukakamaa upesi kikiachwa kimetulia. Ndiyo maana tunaweka pleti, vibamba vya chuma vinavyofungwa kwenye mfupa kwa skrubu: mfupa ushikwe imara, mkono uanze kukunjwa ndani ya siku chache. Ukikuta mgonjwa ana pleti mbili na bado yumo ndani ya plasta wiki ya nne, uliza sababu. Huenda mfupa ni laini na mpasuaji hakuziamini skrubu zake. Hata hivyo uliza.

Kwa nini mbili? Mfupa wa mkono wa juu ukikaribia kiwiko hugawanyika nguzo mbili, ya ndani na ya nje, na katikati yake ni mwembamba sana. Ukivunjika nguzo zote, pleti moja haihimili. Mabingwa hubishana kama zikae ubavu kwa ubavu au moja iende nyuma. Ninyi angalieni skrubu zimeshika vipi vile vipande vidogo vya chini.

Kabla ya upasuaji, pimeni mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kifundo cha ndani cha kiwiko, ule unaorusha ganzi hadi kidole cha mwisho ukijigonga mezani. Mgonjwa apanue vidole. Mguse ncha ya kidole cha mwisho. Andikeni mlichokikuta pamoja na saa. Rudieni akitoka chumba cha upasuaji. Ganzi ikionekana kesho yake na faili halina neno, hakuna atakayejua kama ilitokana na ajali au kisu. Nalisisitiza hili kwa sababu huchukua dakika moja na ndilo linalorukwa zaidi.

Usiku ule wa kwanza, mkono uinuliwe. Maumivu yakizidi dawa, na yakipanda unaponyoosha vidole vyake, fungua bandeji zote hadi kwenye ngozi na mwite mkubwa wako papo hapo. Usingoje raundi ya asubuhi.

Zoezi la kuanzia ni rahisi: alale chali, mkono uelekee juu, kigasha, yaani sehemu ya kiwiko hadi kiganja, kishuke chenyewe huku mkono ule usioumia ukisaidia. Kukunja na kunyoosha kati ya nyuzi 30 na 130 kunatosha kazi nyingi za nyumbani. Kama ncha ya kiwiko ilivunjika, au ilikatwa ili kufikia kiungo, asijisukume kwa mkono huo anapoinuka kitandani kwa takriban wiki sita, maana msuli wa nyuma huivuta.

Mketisheni na anayemuuguza. Mama au shangazi atataka kuchua kiwiko kwa mafuta na kukinyoosha kwa nguvu, kwa upendo kabisa. Mwelezeni kwa heshima kwamba kulazimisha huleta uvimbe, na mfupa mpya waweza kuota ndani ya misuli. Mpeni kazi nyingine: ahesabu mazoezi, asubuhi, mchana na jioni.