Tovuti "inapatikana", "inafikika" au "ni fikivu"?

Swali: Tunaandika maneno ya tovuti ya biashara. Mkuu wetu ameweka sentensi hii: "Tovuti yetu inapatikana kwa walemavu." Mimi napendelea "ni fikivu kwa walemavu", mwenzangu anataka "inafikika na walemavu", na mwingine anasema neno "walemavu" lenyewe linaudhi. Tufuate lipi?

Jibu: "Inapatikana" iondoeni leo. Kupatikana ni kuwepo tu. Tovuti yaweza kupatikana usiku na mchana, na bado asiyeona, anayetegemea kisoma skrini (programu inayomsomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini), akashindwa kununua chochote kwa sababu kitufe cha kulipia ni picha isiyo na jina la kusomwa.

Mwenzako amekaribia zaidi. Kauli ya kutendeka hueleza jambo linalowezekana: njia inapitika, mwandiko unasomeka. Kwa hiyo "inafikika" ni Kiswahili safi, ila hiyo "na" ndiyo iliyomponza. "Na" ya mtenda huandamana na kauli ya kutendwa. Mlango hufunguliwa na Asha, lakini haufunguki na Asha. Aandike "inafikika kwa".

"Fikivu" yako ina walakini. Vivumishi vya -vu vinavyotokana na vitenzi kwa kawaida humweleza mwenye tendo au mwenye hali: msikivu husikia, mvumilivu huvumilia, kilichochakaa ni chakavu. Kwa mizani hiyo, kitu fikivu kingekuwa kile kinachofika, si kile kinachofikiwa. Hata hivyo nomino "ufikivu" imeshaota mizizi. Ukiweka simu ya Android katika Kiswahili utaikuta kwenye mipangilio, na sioni haja ya kugombana nayo. Itumieni kama jina la fani. Mkisema na mteja, tumieni kitenzi.

Sasa "walemavu". Neno hili nalo limezaliwa kwa -vu ileile: kulemaa, -lemavu, mlemavu. Si tusi, na wapo wanaojiita hivyo bila kinyongo. Lakini linamfanya mtu awe hali yake na basi. "Mtu mwenye ulemavu" humtanguliza mtu, na ndivyo unavyosemwa kwa Kiswahili Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, mkataba ambao unaeleza kuwa ulemavu hutokana pia na vizuizi anavyowekewa mtu. Kitufe kisicho na jina ni kizuizi cha aina hiyo. Msivuke mpaka, lakini, mkaanza kukwepa kila neno la zamani. Viziwi wengi hujiita viziwi kwa fahari, na wanaodai kuwa ki- ya "kiziwi" ni ya kudunisha watueleze kwanza habari za kiongozi na kijana.

Hata hivyo, mngeniuliza mimi, sentensi yote ningeifuta. "Inafikika kwa watu wenye ulemavu" ni sahihi kisarufi, lakini haimwambii mteja lolote analoweza kulipima. WCAG, mwongozo wa ufikivu wa tovuti wa W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, ambao toleo lake la 2.2 lilitoka 2023, unataka tovuti itambulike, iendesheke, ieleweke na iwe imara. Angalia vile vitenzi vitatu vya mwanzo: vyote vinaishia kwa -ika au -eka, na kila kimoja kinajaribika. Andikeni basi: "Unaweza kuagiza kwa kutumia kisoma skrini, au kwa kibodi peke yake bila kipanya. Picha zote za bidhaa zina maelezo ya maandishi. Ukikwama, tuandikie." Bila shaka, andikeni hivyo baada ya kujaribu wenyewe.

Mkiwa hapohapo, tazameni viungo vyenu. Wengi wanaotumia kisoma skrini huomba orodha ya viungo vya ukurasa, na wakikuta "bofya hapa" mara tisa hawajui hapa ni wapi. "Pakua orodha ya bei" inajieleza.

Tena mwambieni fundi atangaze lugha ya ukurasa kwa alama ya "sw". Ikiachwa "en", kama inavyoachwa mara nyingi na violezo vya kununua, kisoma skrini kinaweza kuyasoma maneno yenu kwa matamshi ya Kiingereza, na mteja asitambue hata kwamba anasomewa Kiswahili.