Re: Mikono kwenye Macbeth inamaanisha nini?

Salama mkuu. Umekwama hapo kwenye maana ya mikono ndani ya Macbeth, ile tamthilia ya Shakespeare, kwamba umeshaandika "mikono ni hatia" na mwalimu kakwambia haitoshi. Na mimi nilirudishiwa insha kwa kosa hilohilo, nilichofanya nikachukua penseli nikapigia mstari kila penye neno mkono, halafu nikaangalia nani anasema na ni kabla au baada ya Macbeth kumuua Mfalme Duncan.

Anza na Tendo la 2, onyesho la 2. Macbeth anaikodolea macho mikono yake, anauliza kama bahari yote itaweza kuisafisha, halafu anajijibu mwenyewe kwamba mkono huo ndo utaigeuza bahari kuwa nyekundu. Mkewe hapohapo anamwambia maji kidogo tu yanatosha. Sasa ruka mpaka Tendo la 5, onyesho la 1: yuleyule mke wa Macbeth anatembea usingizini anasugua mikono, doa halitoki, na damu anaisikia mpaka harufu, anasema manukato yote ya Arabuni hayawezi kuufanya mkono wake mdogo huu unukie. Hiyo "mdogo" ndo inaniuma mimi kila nikisoma.

Ila usiache Tendo la 1, onyesho la 4, watu wengi wanaliruka, Macbeth anataka jicho lisione kinachofanywa na mkono, yaani kashaanza kujitenga na mkono wake hata kabla ya kuua, na insha yako ningeianzia hapo, sio kwenye damu.