Maswali ya Wasomaji: Mto, Moto na Kufuli la Langoni

SWALI: Kamati yetu ya wakazi kando ya Mto Mathare imetakiwa kuandaa mpango wa dharura kabla ya masika. Tuliorodhesha mafuriko, moto, kuporomoka kwa majengo na kipindupindu, kisha kikao kizima kikaishia katika mabishano kuhusu lipi ni hatari zaidi. Je, hatari hupimwaje, na tuanzie wapi?
Katibu wa kamati, Mathare

JIBU: Ndugu Katibu, lugha yenyewe imechangia mabishano yenu, kwa kuwa neno hatari tunalitumia kwa mto unaofurika na vilevile kwa uwezekano wa mto huo kutudhuru, ilhali wataalamu wa maafa huyatenganisha mambo hayo. Mlichoorodhesha ni matishio. Hatari huzaliwa pale tishio linapowakuta watu na mali zao njiani, na ukubwa wake hutegemea udhaifu wa waliokutwa na uwezo wao wa kujiokoa.

Kumbukeni mtaa wa mabanda wa Sinai, jijini Nairobi, tarehe 12 Septemba 2011. Petroli ilivuja kutoka kwenye bomba la mafuta ikaingia mtaroni, wakazi wakakimbilia kuiteka kwa ndoo na madebe, moto ukalipuka na kuua watu wapatao 100. Bomba lilikuwa tishio, lakini nyumba zilizobanana kando yake, pamoja na ufukara uliomfanya mtu aione petroli ya bure kuwa riziki ya siku, ndivyo vilivyoleta maafa ya kiasi kile.

Basi kila tishio liulizieni mawili: lina uwezekano gani wa kutokea, na likitokea litamdhuru nani, kwa kiasi gani. Mafuriko yana msimu wake, na Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kabla ya masika na vuli. Moto unaoanzia kwenye waya za stima za kuungaunga haupigi hodi. Kwa hiyo nisingekubali upesi moto uwekwe chini ya mafuriko eti kwa sababu maji ya mwaka 2024 yangali machoni petu.

Kisha ondokeni mezani, mkatembee ploti kwa ploti usiku. Katika ploti niliyowahi kupanga, lango la chuma lilifungwa kwa kufuli saa nne, na ufunguo mmoja tu ulilala na msimamizi kwenye ghorofa ya nne; madirisha yote ya chini yalikuwa na vyuma, na ngazi ya pekee ilijaa madumu ya maji na baiskeli. Uje moto, yaje maji, ni lile lile kufuli ambalo lingetuua. Anzieni na udhaifu wa namna hiyo, unaohudumia matishio kadhaa kwa pamoja, kwa sababu kuchonga funguo mbili zaidi na kuwaachia wapangaji wa chini ni gharama ndogo mno kuliko kujenga ukuta wa mto.

Si kila hatari itapungua namna hiyo. Nyingine mtaiepuka kwa kuwahamisha mapema wanaolala ukingoni kabisa, na hasara kidogo itabebwa na akiba ya chama, maana bima ni wachache walio nayo. Itakayosalia ikubalini kwa maandishi, pamoja na jina la atakayembeba mzee asiyeweza kutembea, na jina la mwingine wa kushika nafasi yake akiwa kazini zamu ya usiku.