Mwamuzi Akikosea Hesabu ya Boli na Straiki

SWALI: Mhariri, shikamoo. Ninafundisha besiboli katika shule moja ya Dar es Salaam. Katika mchezo wetu wa mwisho, mpigaji wa wapinzani alikuwa na boli mbili (mirusho iliyokosa eneo la kupigia, naye hakuipiga) na straiki mbili (mirusho iliyopita katika eneo hilo au aliyojaribu kuipiga akaikosa). Mrushaji wetu alipokosa shabaha mara moja zaidi, mwamuzi alimruhusu mpigaji aende kituo cha kwanza, kana kwamba boli zimetimia nne. Nilikimbilia uwanjani nikilalamika kwamba hata mrusho ule ulikuwa straiki, nikaonywa na kurudishwa benchi. Nilipaswa kufanya nini?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Ulikuwa na haki, ila uliichanganya na jambo lisilo haki yako. Kama mrusho ulikuwa boli au straiki ni uamuzi wa jicho la mwamuzi, na kanuni haziruhusu kocha kutoka benchi kuupinga; akionywa na bado akaendelea, hutolewa mchezoni. Lakini idadi ya boli zilizokwisha kutangazwa ni hesabu tu, na hesabu inaweza kuulizwa na kusahihishwa. Ungeomba mchezo usimame, ukamwendea mwamuzi taratibu na kumwambia, "Mwamuzi, naomba tuhakiki hesabu, sisi tuna boli tatu," angeweza kushauriana na wenzake na mweka kumbukumbu, kisha kumrudisha mpigaji apige akiwa na boli tatu na straiki mbili.

Muda ndio unaowaponza wengi. Ombi hilo linapaswa kutolewa kabla mrushaji hajamrushia mpigaji anayefuata, kwa kuwa baada ya hapo kosa halirekebishwi tena.

Usidhani haya hutokea kwa wanafunzi pekee. Tarehe 2 Julai 2011, mjini Seattle, Marekani, Cameron Maybin wa timu ya San Diego Padres alipewa kituo cha kwanza kwa boli tatu, wakati ubao wa uwanja ulikuwa ukionyesha hesabu isiyo sahihi. Wenyeji, Seattle Mariners, hawakudai marekebisho kwa wakati. Maybin akaja kufunga, na mchezo ukaisha 1-0. Pointi hiyo moja ndiyo iliyoamua kila kitu. Huwa nasikitika nikiwafikiria wale wachezaji, kwani swali moja tu kutoka benchi lingetosha. Katika ligi kuu ya Marekani, tangu 2014 waamuzi wanaweza kuhakiki hesabu hiyo kwa msaada wa video, lakini kwenye viwanja vyetu vya shule tunategemea macho na daftari.

Kwa hiyo mpe mtu mmoja wa benchi kazi ya kuandika kila mrusho, bila kuachia ubao. Awe makini hasa mpira unapopigwa ukatoka nje ya mistari, maana kwa kawaida huhesabiwa straiki mpaka zifike mbili, kisha hauongezi kitu, na hapo ndipo wanaoandika hupotea. Mwamuzi naye huwa na kihesabio kidogo mkononi, na huonyesha boli kwa vidole vya mkono wa kushoto na straiki kwa vya kulia. Mdakaji wako, yule anayedaka mirusho nyuma ya mpigaji, yuko hatua moja tu mbele ya mwamuzi, mfundishe kumwuliza kwa adabu, "Hesabu ngapi, mwamuzi?" kila boli zinapofika mbili, na kuitaja kwa sauti ili mrushaji na benchi waisikie.