Tangazo Langu Limefutwa: Nimekosea Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina wiki tatu tangu nijiunge na jumuiya moja ya sayansi ya kompyuta mtandaoni. Baada ya kazi ya miezi mingi nilikamilisha programu huria ya kutafuta maneno ndani ya mafaili makubwa, nikaitangaza humo kwa sentensi moja: "Programu bora kuliko zote ya kutafuta maneno, ijaribuni," nikaweka na kiungo. Haikupita saa moja wasimamizi wakalifuta tangazo, wakaniandikia kwamba kanuni zinakataza kujipigia debe. Programu ni ya bure, sipati hata senti. Je, mtu haruhusiwi kuonyesha kazi ya mikono yake?

JIBU: Ndugu msomaji, unaruhusiwa, na nitasikitika sana ukiifungia kabatini kazi uliyoihangaikia kiasi hicho kwa sababu ya ujumbe mmoja. Kilichofutwa ni tangazo, si programu. Ubure wake haukuokoi, kwa kuwa kila aliyelisoma tangazo lako alitakiwa kutoa muda wake bila kuambiwa programu inafanyaje kazi, wala kwamba anayeisifu ndiye aliyeiandika. Hilo la pili ndilo zito zaidi.

Wasimamizi wana sababu ya kuwa wakali. Mnamo Mei 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya Digital Equipment Corporation aliwatumia watu wapatao 400 wa ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, tangazo la kompyuta za kampuni yake, na malalamiko yakamwandama. Matangazo yakizidi, wa kwanza kuondoka ni wale wenye ujuzi wa kujibu maswali magumu, kwa sababu hao ndio wenye muda haba.

Sasa tazama tarehe 25 Agosti 1991. Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, aliwaarifu watumiaji wa Minix, mfumo endeshi mdogo wa kufundishia, kwamba naye anatengeneza mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta. Hakudai kwamba ni bora. Alisema anaufanya kwa kujifurahisha tu, akakiri kwamba umefungamana na kompyuta za aina ya 386, akawauliza wenzake wanapenda nini na hawapendi nini katika Minix. Naye alikuwa akitangaza kazi yake, lakini aliyemsoma alipata jambo la kufikiria na swali la kujibu. Mfumo huo ndio Linux.

Nami ningeliandika tangazo lako hivi: "Programu hii nimeiandika mwenyewe. Hulipitia faili mara moja na kujenga faharasa ya maneno, yaani orodha ya kila neno na mahali lilipo, kisha hutafuta ndani ya faharasa badala ya kulisoma faili zima. Faharasa inakula nafasi nyingi kwenye diski, na faili likibadilika hulazimika kujengwa upya. Nani amewahi kusasisha faharasa bila kuanza upya?" Kiungo kije mwishoni.

Usilirudishe kimyakimya, wala usifungue akaunti ya pili ya kujisifia, kwani hapo utafukuzwa kwa haki. Soma kanuni zote, maana baadhi ya jumuiya hutenga siku maalumu kwa kazi za wanachama. Kisha waandikie wasimamizi, uwaonyeshe tangazo jipya na kuomba ruhusa. Wakati ukisubiri, jibu maswali ya wengine kuhusu utafutaji wa maneno, jambo unalolijua vizuri, bila kuitaja programu yako. Na mtu akikusaidia kuhusu faharasa, rudi umweleze ulichobadilisha.