Modemu Haisomi kwenye Ubuntu? Usikimbilie Kurudisha Windows

Juzi nimepokea ujumbe wa mwanafunzi mmoja wa chuo, aliyeko Mwanza, anayelalamika kwamba modemu yake ya Huawei haisomi kwenye Ubuntu, mfumo huria wa kompyuta wa jamii ya Linux, na kwamba fundi amemshauri alipie arudishiwe Windows. Ujumbe huo umenitonesha kidonda, kwa kuwa nami, nikinunua modemu ya kompyuta yangu yenye Ubuntu, niliwahi kuambiwa na muuzaji wa duka moja la Kariakoo, mbele ya wateja wengine, "Kaka, hii ni ya Windows, hiyo ya kwako ni ya wanaojisumbua." Nililipa, nikaondoka bila kumjibu, lakini kicheko chake ninakikumbuka hadi leo.

Nyumbani niliichomeka modemu, nikafungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, na kuandika lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vilivyochomekwa kwenye USB. Katika orodha iliyotokea kulikuwa na namba 12d1:1446, ambayo sehemu yake ya kwanza ni utambulisho wa Huawei na ya pili ni ya kifaa chenyewe katika hali kiliyomo wakati huo. Wakati huohuo kwenye skrini ilijitokeza alama ya CD, ingawa sikuwa nimeweka CD yoyote. Alama hiyo ndiyo iliyonifumbua macho. Modemu nyingi za aina hii, zikichomekwa, hujitambulisha kwanza kama CD iliyobeba programu za Windows, na hubaki katika hali hiyo mpaka zipewe amri ya kubadilika. Kwenye Windows amri hutolewa na programu hizo zilizomo ndani yake. Kwenye Linux hutolewa na usb_modeswitch, kazi ya Josua Dietze, ambaye nadhani anastahili shukrani kuliko wauzaji wote wa modemu.

Kikwazo ni kwamba programu hiyo, ikiwa haimo kwenye kompyuta yako, inapatikana kwa intaneti, nayo intaneti ndiyo unayoihangaikia. Mimi nilikwenda intaneti kafe, nikapakua usb-modeswitch na usb-modeswitch-data kwenye flashi pamoja na vifurushi vinavyotegemewa navyo, kisha nikavisakinisha kwa dpkg -i. Leo huna haja ya kutoka nyumbani: unganisha simu yako kwa waya wa USB, washa huduma ya kugawa intaneti, na Ubuntu itaiona kama kadi ya mtandao. Nilipoichomoa modemu na kuichomeka upya, lsusb ilionyesha 12d1:1001, na dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa mfumo kuhusu vifaa, ikataja ttyUSB0, ttyUSB1 na ttyUSB2, yaani milango ambayo Linux huitumia kuongea na modemu. Nilipiga makofi peke yangu chumbani.

Yaliyobaki ni mepesi. Katika mipangilio ya mtandao chagua nchi na kampuni ya laini yako, kisha hakikisha APN, yaani jina la lango la intaneti la kampuni hiyo, imeandikwa sawasawa. Kwa Safaricom, kwa mfano, ni safaricom. Kama laini ina PIN, weka laini hiyo kwenye simu kwanza uizime PIN. Modemu za Huawei za aina ya HiLink hazihitaji hata hayo, kwa kuwa hujitokeza kama kadi ya mtandao, na mipangilio yake hufunguliwa kwenye kivinjari kwa anwani ya 192.168.8.1.

Sasa niseme bila kuficha. Vijana wetu wanataka kuitwa wataalamu wa programu huria, ilhali hawataki kusoma mistari mitatu ambayo kompyuta yenyewe imewaandikia. Fundi anayefuta mfumo mzima kwa sababu ya kifaa ambacho hata hajakitazama kwa lsusb anakuuzia uvivu wake, nawe unaulipia pamoja na mafaili yako yatakayopotea. Someni dmesg mara tu mnapochomeka kifaa, msome tena kinapobadilika, na mlinganishe namba. Atakayeniandikia kuanzia leo anitumie mistari hiyo pamoja na jina la modemu. Ujumbe wa "haisomi" pekee sitaujibu.